Profesa Kimambo: Kutoka Ikulu Hadi Kaya

Wasifu wa marehemu ni fani kama zilivyo riwaya na shairi, ila wahakiki wetu hawaigusi. Labda wanaogopa kuonekana hawana adabu msibani. Lakini fani ni fani, na hii ina kanuni zake: mwaka wa kuzaliwa, shule, kazi, vyeo, idadi ya watoto na wajukuu, ugonjwa, siku ya mwisho. Kipaza sauti kinakoroma, watu wanatazama chini, msomaji anakunja karatasi, basi. Aliyelala pale anaweza kuwa mwalimu, seremala au waziri. Karatasi ni ile ile, urefu tu ndio unaotofautiana.

Tujaribu mpangilio huo kwa mtu mmoja tunayemfahamu. Isaria Kimambo, mwanahistoria. Alizaliwa mwaka 1931. Alisoma Marekani na kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1967. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaongoza Idara ya Historia, akashika madaraka ya juu ya taaluma pale Mlimani, akastaafu na kubaki na heshima ya uprofesa. Alifariki mwaka 2018.

Yote ni kweli, na yote hayatoshi. Ukimaliza kusoma mistari hiyo hujui mtu huyu alikuwa akibishana na nani, alihangaishwa na swali gani, wala alibadilika vipi. Katika lugha ya uhakiki tuliyofundishwa shuleni, huyo ni mhusika bapa. Haendi mbele, harudi nyuma, amebandikwa ukutani kama picha ya kalenda. Ndugu msomaji, nasema mwanahistoria asikumbukwe hivyo. Maisha yake yamo katika maswali aliyouliza. Tukitaka kumkumbuka Kimambo, tuvisome vitabu vyake kama tunavyosoma riwaya, na tuulize swali ambalo kila anayejifunza kuandika lazima aulize: humu ndani, mhusika mkuu ni nani?

Kwanza mandhari. Chuo Kikuu kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Somo la historia lilikuwa na Profesa Terence Ranger, Mwingereza aliyefika mwaka 1963. Tatizo lililowakabili lilikuwa kubwa. Nchi ilikuwa imepata uhuru, lakini historia iliyoandikwa ilikuwa zaidi ya wageni: wapelelezi, wamisionari, magavana. Hati zilizokuwa kabatini ziliandikwa na mabwana wilaya. Mwafrika akionekana humo, ama analipa kodi ama anakataa kulipa. Kulikuwa na wasomi, tena wakubwa, waliosema waziwazi kwamba pasipo maandishi hapana historia.

Kimambo alikuwa mmoja wa vijana wa Kiafrika waliokataa kauli hiyo kwa vitendo. Kule Kenya alikuwapo Bethwell Ogot, aliyeandika historia ya Wajaluo wa kusini, kitabu kikatoka mwaka 1967. Kwetu, Kimambo alipanda milimani Upare na kukaa na wazee. Leo hilo linaonekana jambo dogo. Kila mtu anaweza kusema "nimeongea na wazee". Wakati ule lilikuwa ni kusema kwamba neno la mzee asiyejua kusoma lina uzito wa kuwekwa mezani pamoja na hati ya bwana wilaya, nalo likapimwa.

Hapo penye kupimwa ndipo nataka tusimame kidogo, maana ndipo sisi vijana tunapoteleza. Kumsikiliza mzee si kumwamini tu. Mwanahistoria wa masimulizi anauliza ukoo huu, halafu anakwenda kuuliza ukoo ule ulioshindwa. Anahesabu vizazi: fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, ili apate makadirio ya miaka. Anaangalia tambiko, jina la mlima, wimbo wa jando, anatazama kama vinashuhudia jambo lile lile au vinapingana. Tena anajiuliza: hadithi hii ikisimuliwa hivi, nani anafaidika? Hii ni kazi ya uhakiki kabisa.

Kazi hiyo ilizaa kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare tangu kiasi cha mwaka 1500 hadi 1900. Humo tunakutana na Ugweno, Upare ya kaskazini, ambako Washana, ukoo wa wahunzi wa chuma, walikuwa na utawala. Wasuya wakawapindua, na Mranga akaja kutengeneza utaratibu mpya wa dola. Jamani, hii ni riwaya nzima! Wahunzi wenye siri ya moto, watu waliowazunguka wakinong'ona, usiku wa mapinduzi, halafu kazi ngumu ya kutawala baada ya kushinda. Ukitoka hapo hutasema tena kwamba kabla ya Mjerumani tulikuwa tumekaa tu chini ya mti tukisubiri kuandikwa.

Lakini mhakiki haishii kwenye sifa. Tuulize swali letu: mhusika mkuu ni nani? Ni mtawala. Mranga anaonekana, Wasuya wanaonekana. Mwanamke aliyetwanga nafaka ya kulisha washindi haonekani sana, wala kijana aliyevukuta mivuo ya mhunzi. Sababu ziko mbili. Ya kwanza, koo za watawala ndizo zinazotunza majina marefu, kwa kuwa ndizo zinazoyahitaji. Aliyenyang'anywa ana sababu ndogo ya kukariri. Ya pili, ulikuwa mwaka 1969. Taifa lilikuwa na miaka minane ya uhuru na lilitaka kuonyesha kwamba hata sisi tulikuwa na serikali zetu. Mwaka huo huo Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile. Na mwaka huo huo Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania ambacho wanafunzi wengi walikipitia. Waandishi wa historia na waandishi wa tamthilia walikuwa wakichimba shimo moja.

Wapo waliolalamika mapema. Mwaka 1970 Donald Denoon na Adam Kuper waliandika makala kali wakisema wanahistoria wa Dar es Salaam wanatafuta taifa kuliko wanavyotafuta ukweli. Baadaye wakaja wa mrengo wa kushoto, pale Mlimani penyewe, kipindi ambacho Walter Rodney alitoa kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Hao wakauliza: mnawasifu machifu, mkulima yuko wapi?

Mwandishi mwepesi angenuna. Mwandishi mwepesi zaidi angegeuka siku hiyo hiyo na kuimba wimbo mpya. Kimambo hakufanya la kwanza wala la pili. Mwaka 1971 alitoa kijitabu kidogo kwa Chama cha Historia cha Tanzania, kuhusu Mbiru. Kwangu mimi hicho ndicho kazi yake iliyo karibu zaidi na riwaya. Mbiru ni jina la ushuru wa zamani wa Upare. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 watawala waliligeuza kuwa jina la kodi mpya iliyopandishwa kwa kukadiria mali ya mtu. Watu wakauliza: nani anahesabu mali yangu, na kwa kipimo gani? Wakateremka milimani kwa maelfu, wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya. Hawakwenda kuvunja duka. Walikaa. Wanawake nao waliingia katika mgogoro huo kwa miguu yao wenyewe. Kufika mwaka 1947 kodi hiyo ilikuwa imekwisha.

Mnaona kilichotokea? Mhusika mkuu amebadilika. Hakuna Mranga hapa. Kuna umati. Na umati ni mhusika mgumu kuliko wote, muulizeni yeyote aliyejaribu kuandika mgomo. Ukiuandika kwa mbali unakuwa vumbi na kelele. Ukiusogelea sana unabaki na mtu mmoja shujaa, na umati umekufa. Adam Shafi alipambana na tatizo hilo katika Kuli, riwaya ya mwaka 1979 inayohusu wapagazi wa bandarini Unguja na mgomo wa 1948. Kimambo alikuwa amepambana nalo miaka minane kabla, kwa zana za mwanahistoria.

Kisha mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka sitini, alitoa kitabu kikubwa kuhusu Wapare na uchumi wa dunia, kuanzia 1860 hadi 1960. Ni milima ile ile. Miaka ishirini na miwili imepita tangu kitabu cha kwanza, naye amerudi palepale na swali jingine. Safari hii kinachosukuma kisa ni biashara ya misafara iliyotoka pwani, watumwa na pembe, kodi ya mkoloni, mashamba ya mkonge, kahawa, na mkulima anayepima kila siku atoe nguvu zake wapi. Mbiru imo, lakini sasa inaonekana kama tawi la mti mrefu. Mtemi amesogea pembeni. Jembe limekaa katikati.

Na hakukoma. Mwaka 2017, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kilitoka kitabu cha historia mpya ya Tanzania alichoandika pamoja na Gregory Maddox na Salvatory Nyanto. Toka historia ile ya 1969 hadi hii ni miaka arobaini na minane. Mzee aliyestaafu, mwenye jina tayari, anakaa na watu wa vizazi vya nyuma yake kuandika upya jambo aliloliandika akiwa kijana. Hilo ndilo ningependa lisomwe mbele ya kaburi la msomi, kabla ya orodha ya vyeo.

Sasa niseme kasoro ninayoiona, maana bila kasoro hii makala ingekuwa risala. Vitabu vyake vikuu viliandikwa kwa Kiingereza. Wazee walizungumza Kipare na Kiswahili. Yakatoka kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha chuo, ambamo sauti ya mzee inafupishwa kuwa taarifa. Tunajua mzee alisema nini, hatumsikii alivyosema: aliposita, aliposema "hilo tuliache", alipocheka peke yake. Mimi niliyeishia kidato cha nne ninavisoma vitabu hivi na kamusi pajani, ukurasa mmoja kwa saa. Mjukuu wa mzee yule wa Upare naye yuko hivyo hivyo. Neno lililotoka nyumbani kwake limerudi likiwa limefungwa kwa kufuli.

Najua kuna jibu. Bila Kiingereza wasomi wa dunia wasingemsikia, na kauli ile ya "Afrika haina historia" ilisemwa kwa Kiingereza, kwa hiyo ilibidi ijibiwe kwa Kiingereza. Ni kweli. Na kuandika kwa lugha ya nyumbani kulikuwa na gharama yake pia. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa mwaka 1980, yeye akafariki mwaka uliofuata. Mmoja alisikika mbali, nyumbani hakusomeka. Mwingine aliandika kwa ajili ya nyumbani, akangoja miaka thelathini na mitano. Simlaumu yeyote kati yao. Nasema tu kwamba kati yao kuna nafasi, na nafasi hiyo ni yetu sisi.

Ninaandika haya nikiwa Sapiwi, wilaya ya Bariadi. Mtu wa mjini anaweza kuuliza Upare inahusiana nini na Usukuma. Inahusiana sana. Hapa napo kulikuwa na watemi, watemi wa Ntuzu, na napo kulikuja pamba ikaitwa dhahabu nyeupe. Kuanzia mwaka 1947 mkoloni alileta mpango wa maendeleo ya Usukuma wenye amri juu ya amri: matuta yakae hivi, samadi iwekwe, ng'ombe wapunguzwe. Wakulima wa pamba waliungana, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda shirikisho lililoitwa Victoria Federation, ambalo jina la Paul Bomani haliachani nalo. Mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kulipinga baraza la mseto walilowekewa, wakakaa pale, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Tazama umbo la kisa: kutembea, kufika makao makuu, kukaa. Same ya miaka ya 1940 na Mwanza ya 1958 wangeelewana bila mkalimani.

Niliwahi kumwuliza babu mmoja wa hapa kijijini habari za miaka hiyo. Alinyamaza, akageuza kigoda chake kikanielekea, akauliza: "Mjukuu wangu, unataka ya ikulu au ya kaya?"

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, ikulu ni jumba la Rais. Kwetu ikulu ilikuwa nyumba ya mtemi tangu zamani. Babu alikuwa na hadithi mbili za mwaka mmoja, na alitaka kujua nimefuata ipi. Ya ikulu ilikuwa na majina, ngoma na sherehe. Ya kaya ilikuwa na ng'ombe waliopelekwa usiku kwa shemeji ili wasihesabiwe, na mama yake aliyekuwa akirudia kupalilia matuta ya amri huku akitukana kwa sauti ya chini. Ile ya kwanza aliisimulia kwa nusu saa bila kukwama, kama mtu anayesoma. Ya pili ilimchukua siku tatu.

Nikirudi kwa Kimambo, naona maisha yake yote ya uandishi katika swali lile la babu. Alianza ikulu, akaenda na umati uliokaa nje ya boma, akaishia kaya, penye jembe na hesabu ya mavuno. Ilimchukua miongo miwili kuufunga mzunguko huo kwa watu wale wale wa milima ile ile. Na hakuitupa ikulu. Aliiacha isimame, akaijengea uwanja.

Je, sisi tunaojiita waandishi chipukizi tuko wapi? Ukweli, bado tuko ikulu. Nimesoma miswada mingi ya wenzangu yenye kisa cha "zamani". Karibu yote inaanza na mtemi aliyevaa ngozi ya simba. Kuna mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye kazi yake ni kutoa methali kila anapofungua mdomo. Kuna wanawake wanaopiga vigelegele, na mganga. Ng'wanamalundi akitajwa, ama tunaamini kila muujiza, ama tunacheka tukijiona wasomi. Kote kuwili hatujauliza kitu. Hadithi ya muujiza ina msimulizi, ina siku iliposimuliwa, ina mtu aliyeihitaji. Hata ngoma zetu za Bagika na Bagalu tunazipaka rangi ya utalii, wakati ndani yake kuna ushindani wa zaidi ya karne, wenye majina, madawa na matusi yanayojulikana.

Wengine watasema: mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kubuni, asifungwe na utafiti. Sawa, ruhusa anayo. Lakini anayebuni baada ya kuuliza anajua anapotoka kwenye lililojulikana, kwa hiyo anatoka kwa makusudi. Anayebuni kabla ya kuuliza anarudia tu alichokiona kwenye sinema. Mzee wa methali si ubunifu, ni uvivu uliofuga ndevu.

Kwa hiyo napendekeza tumkumbuke profesa huyu kwa daftari. Mzee aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa maandamano ya Geita sasa amevuka themanini na tano. Hesabu ni rahisi na haitupendelei. Nenda kwa mmoja. Andika jina lake, ukoo wake, na nani alimwambia asichokiona mwenyewe. Andika kwa lugha anayosema, hata kama ni nusu Kisukuma nusu Kiswahili. Kusafisha kutakuja baadaye. Andika na aliponyamaza. Halafu nenda kwa jirani yake mliyeambiwa ni mwongo, umwulize jambo lile lile. Ukimaliza, usiandike bado. Rudi kwa yule wa kwanza na swali la pili, maana la kwanza hujibiwa kwa hadithi iliyokwisha zoeleka.

Hadithi za ikulu zitatunzwa, usiwe na shaka, zina wenyewe. Za kaya hazina mwenyewe ila yule aliyezisikia. Kimambo alituonyesha kwamba zinaweza kuwa historia. Kuzifanya riwaya, tena kwa Kiswahili ambacho mwenye kaya atakisoma bila kamusi, ni kazi ambayo hakuna profesa atakayetufanyia.